Hodi Tatu Kwenye Mlango wa Ghorofa ya Pili

Micheweni, 3 Juni 2024

Ruweida,

Mtu anayeandika kurasa mbili za salamu na mistari miwili ya habari ana jambo analificha, na mimi sikukulea ufiche. Umemsalimia kila mtu mpaka mbuzi wa jirani. Umeuliza goti langu, umeuliza paa kama linavuja, umeuliza kama ukuta wa kisima umeshajengwa. Kisha chini kabisa, penye nafasi ya kidole, ukaandika: "Ule usaili haikuwa riziki, Bibi." Ukatia jina lako, basi.

Riziki ipi hiyo isiyo na maelezo? Siku ile mama yako Rahila alifunga kwa ajili yako. Mimi nilikaa kwenye mswala tangu jua halijachomoza mpaka miguu ikafa ganzi, namwomba Mungu akufungulie. Basi nina haki ya kujua niliomba nini kikakataliwa. Waliokaa mbele yako walikuwa wangapi? Walikuuliza nini? Ulijibu nini? Kama ulishindwa kujibu, sema ulishindwa. Wanaoshindwa ni wengi na wanakula wali kama wengine. Lakini miaka mitatu ya chuo ya kupima maji na samaki na mwani kwenye vichupa, kisha unaniambia haikuwa riziki kama mtu aliyekosa nafasi kwenye gari, hilo sikubali.

Sisi hatujambo. Goti linauma, wala halijaanza leo. Mama yako yuko pwani na mwani wake. Maji yakitoka anatoka nayo, yakirudi anarudi nayo. Paa linavuja pale pale linapovuja siku zote, tumeweka ndoo.

Na usinipigie simu. Unajua sikio langu la kulia limekufa na la kushoto linasikia linachotaka. Wakinibandika simu nasikia mvumo tu kama wa nyuki, kisha naulizwa, Bibi umesikia, nami nasema ndiyo ili waniondolee. Karatasi haivumi. Herufi zangu ni za kisomo cha watu wazima, zimekwenda upande, lakini zinasomeka. Himid wa duka atakuja huko kufuata bidhaa, mpe jibu mkononi mwake. Asirudi bila barua.

Bibi yako,
Mwanapili binti Ngwali


Unguja, 19 Juni 2024

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nashika miguu yako. Iddi mubarak, Mungu atufikishe na nyengine tukiwa wazima. Mamdogo Khairat, ninayekaa kwake hapa, anakusalimu sana. Anasema goti lako lipakwe mafuta ya nazi yenye karafuu na ukandwe kila jioni, wala usiseme eti huna mtu wa kukukanda. Iddi tuliisherehekea vizuri, ila pilau ya huku si kitu, wanatia vitu vingi mpaka nyama haina ladha yake.

Bibi, sikushindwa kujibu. Sikuulizwa.

Barua ya kampuni ya mwani ilisema nifike saa tatu asubuhi. Mimi saa mbili nilikuwa pale, baibui limepigwa pasi, vyeti kwenye bahasha. Mlinzi akaniambia nikae, akaniambia zamu yangu ikifika nipande ghorofa ya pili, chumba cha mwisho. Zamu ikafika nikapanda. Mlango ulikuwa umefungwa, mbao nzito, na ndani inasikika ile mashine ya baridi inanguruma.

Nikapiga hodi. Hakuna aliyeitikia. Nikangoja kama ulivyonifundisha, kiasi cha mtu kumaliza rakaa mbili ikiwa yumo katika sala. Nikapiga ya pili. Kimya. Nikangoja tena. Nikapiga ya tatu, kwa sauti zaidi kidogo. Kimya.

Nikageuka nikaondoka.

Wallahi Bibi, wakati nashuka sikuona kama nimekosa. Nilijiona nimetimiza adabu. Nilisema moyoni, hawako tayari, wakiwa tayari watanituma mtu. Kwenye ngazi nikakutana na mama mtu mzima anayewapikia chai, jina lake Bi Shatha, amebeba sinia. Akaniuliza mbona nimetoka upesi. Nikamweleza. Akaliweka sinia kwenye ngazi, akakaa ubavuni mwake, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Kisha akaniona uso wangu, akainuka. Akanishika mkono akanirudisha juu mbio, yeye na miaka yake, sinia ameliacha hapo hapo. Akaufungua ule mlango bila ya hodi yoyote, akaniombea. Wakasema wamelitaja jina langu mara mbili, wameandika sikuhudhuria, na aliyefuata ameshakaa kitini.

Sikukwambia kwa sababu, basi tu, sikukwambia.

Bi Shatha anasema ile nafasi ya Pemba hawakumpata wa kuwaridhisha. Wataitangaza tena baada ya mwezi wa saba. Ameniambia niombe tena. Yeye asili yake ni huko kwetu, Mtambile, wazee wake walikuwa na mashamba ya mikarafuu zamani.

Mwambie Mama nimeshapata ile dawa ya macho aliyoniagiza. Himid ataileta pamoja na barua hii.

Mjukuu wako,
Ruweida


Micheweni, 11 Agosti 2024

Ruweida,

Barua yako ilifika zamani. Sikujibu kwa kuwa Himid alikuwa mgonjwa, hakusafiri. Dawa ya mama yako imemfaa, sasa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Kuna harusi mbili mtaa wa juu, zote nimealikwa, zote nimekwenda, na zote wali haukuiva. Paa limeezuliwa upande mmoja.

Sasa nisikilize. Nilichokufundisha nimekifundisha sawa. Hodi ni tatu. Ukiitikiwa unaingia, usipoitikiwa unarudi, na hurudi umenuna. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi. Wanaojifungia ndani na mashine ya baridi wakawa hawasikii wageni wao, hao ndio wa kufundishwa. Wamekaa watu wazima watatu wanne na vyeo vyao, hakuna hata mmoja aliyeinuka akaenda kutazama mlangoni nani yupo.

Na huyo mama wa chai. Mtu anamwona mtoto wa mwenziwe anashuka ngazi na aibu yake, anakaa kitako anacheka. Ati ana asili ya Mtambile, wazee wake walikuwa na mashamba. Usinieleze. Nawajua wenye mashamba.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Msimu wa karafuu, baba yangu Ngwali anachuma kwa watu huko Mtambile. Akanituma nipeleke pakacha la karafuu nyumba kubwa. Lilikuwa zito na jua lilikuwa kali. Nikapiga hodi moja, nikasikia watu wanazungumza ndani, nikaingia. Mwenye nyumba akainuka akaniambia nitoke nikaanze upya. Nikatoka, nikapiga hodi, nikaingia. Akaniambia sijaitikiwa, nitoke tena. Wageni wake wanakunywa kahawa, wanatazama, wanacheka. Mara ya tatu nilipopiga hodi hakuitikia mtu. Nikasimama pale na pakacha kichwani mpaka ikaadhiniwa alasiri. Kisha akatoka mtumishi akalipokea.

Siku ile nilijiambia, Mwanapili, mlango wa mtu utausimamia hodi tatu, haizidi. Hawakutaki, unakwenda zako na kichwa chako juu. Na watoto wangu hivyo hivyo. Hilo sikupata kumwambia mtu, wala babu yako, Mungu amrehemu. Usilisome kwa sauti.

Chai ya mwanamke huyo usiinywe.

Kazi uombe tena. Hiyo siyo yake, ni ya Mungu.

Bibi yako,
Mwanapili binti Ngwali


Unguja, 1 Septemba 2024

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, nashika miguu yako. Mamdogo hajambo, anauliza kama mafuta ya goti umeyapaka au umeyapikia. Huku joto limeanza.

Pole kwa ugonjwa wa Himid. Nilimwona mara mbili mwezi wa saba, amebeba magunia ya mchele kwenye mabega, anaimba. Nikamuuliza barua yangu iko wapi. Akasema, "Bibi yako kaniambia nipite tu." Lakini kama unasema alikuwa mgonjwa, alikuwa mgonjwa.

Barua yako niliisoma peke yangu chumbani, bila sauti. Niliisoma mara nyingi. Bibi, ningekuwapo siku ile ningekupokea lile pakacha.

Nafasi imetangazwa. Nimeomba, na wameniita tena, tarehe nane Oktoba. Ni kazi ya kukagua ubora wa mwani, nusu maabara na nusu kuzunguka vijijini, kuanzia huko kwetu mpaka Vitongoji, kuangalia watu wanavyoanika kabla kampuni haijanunua. Wakinichukua nitakaa nyumbani, Bibi. Wasiponichukua, chuo kimoja Dodoma kinatafuta wasaidizi, na Mamdogo anasema niende huko, maana mtu hawezi kukaa na vyeti vyake kwenye bahasha mpaka vikaota ukungu.

Kuna mtu mmoja ananifanyisha mazoezi. Tunakutana baada ya kazi zake, ananikalisha kwenye kiti, yeye anajifanya ndio wao. Wiki ya kwanza sikufanya kitu ila kuingia. Natoka, nagonga mara moja, nafungua, nasalimu, nakaa. Natoka tena. Zaidi ya mara ishirini. Nilitaka kulia, naye akasema nilie nikiwa nimeshakaa kitini.

Kisha ananiuliza, tuambie habari zako. Mimi nikaanza, ni Ruweida wa Haroub, upande wa mama ni wa Mwanapili binti Ngwali, kwetu Micheweni. Akasema hao wote hawakuomba kazi. Nikasema, chuoni tulipima chumvi ya mwani, tukaandika, tukagundua. Akaniuliza nani alipima. Nikasema mimi. Nani aliandika? Mimi. Basi hao wengine unaowaleta wanafanya nini? Bibi, kumwambia mtu "mimi nilifanya" ulimi unakuwa mzito kama nimetafuna embe bichi. Naona kama najitapa. Naona kama uko nyuma yangu unanitazama.

Nina ombi. Niandikie wewe unajuaje mwani umekauka. Chuoni tunajua kwa mashine, lakini vijijini mashine hakuna. Niandikie kama unavyojua mwenyewe.

Mjukuu wako,
Ruweida


Micheweni, 20 Septemba 2024

Ruweida,

Wa alaykumu salaam. Maulidi yalikuwa mazuri, mama yako alipika maandazi watu wakayamaliza. Goti limepungua kidogo. Mafuta nimeyapaka, mwambie Khairat asinifanye mtoto.

Himid nimemwambia ana mdomo mrefu kuliko mwendo wake.

Unaona tabu kusema mimi. Tazama namna inavyosemwa. Mimi, Mwanapili binti Ngwali, nimelima mwani miaka thelathini na moja. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye safu yetu kuanika juu ya chanja, wenzangu wanaanika mchangani wakinicheka. Mzigo wangu haukupata kurudishwa hata siku moja. Umeona? Nimeandika, na mkono haukukatika. Kujitapa ni kusema ambalo hukulifanya. Ulilolifanya ni ushahidi, na ushahidi haufichwi.

Sasa mwani. Unauchukua kiganjani unaukamata kwa nguvu. Ukikuachia unyevu, bado. Ukivunjika kama kijiti, umeupita, umeuchoma. Mzuri unakunjika, na unapouachia unarudi taratibu, na juu yake umetoa chumvi nyeupe kama unga. Unaukung'uta chumvi na mchanga vianguke. Ukinyeshewa na mvua wakati unaanikwa, rangi inakimbia, unabaki mweupe na haufai, hata ukauanike wiki. Wako watakaokuficha mweupe chini na mzuri juu. Usiwapige kelele. Watu wa mwani ni wanawake na wana watoto. Mgongo unawauma kuinama kwenye maji. Mtu akifanya vile ujue kabanwa. Mwambie pembeni, asisikie jirani yake.

Huyo mtu mmoja asiye na jina amekufundisha vizuri. Simuulizi jina.

Mama yako anakuombea. Na mimi.

Bibi yako,
Mwanapili binti Ngwali


Unguja, 27 Oktoba 2024

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, nashika miguu yako yote miwili, na goti nalibusu. Mamdogo hajambo, amepata mjukuu wa kike, wamemwita Shadya.

Najua unaruka mistari unatafuta. Basi: nimepata, Bibi. Alhamdulillahi. Jana wamenipa barua. Mama nilimwambia kwa simu, amelia, lakini nilimkataza asikwambie, nilitaka uisome kwa mkono wangu. Kama amekwambia, jifanye hujui.

Sasa nakueleza kama ulivyotaka mara ile. Walikuwa watatu. Mwenyekiti ni mzee mmoja wa bara, mpole. Pembeni yake Bi Ghania, mkubwa wa maabara, hacheki. Na kijana anayeandika kwenye kompyuta.

Niligonga mara moja, nikashika kitasa, nikaingia kwa mguu wa kulia. Nikaamkia, nikakaa. Wakaniuliza habari zangu nikasema mimi, mimi, mimi, kama ulivyoandika. Wakaniuliza ya vichupa nikajibu. Moja sikulijua, nikasema hili silijui. Nilikuwa nafikiri nimeshavuka. Ndipo Bi Ghania akageuza karatasi, akasema jina langu lilikuwapo kwenye orodha ya mwezi wa tano na sikuhudhuria. Akauliza kwa nini.

Bibi, uongo nilikuwa nao. Mamdogo alinitengenezea, niseme nilishikwa na homa. Nilikuwa nao mdomoni tayari.

Nikasema, "Nilihudhuria. Nilipiga hodi tatu mlangoni hapo, sikuitikiwa, nikarudi."

Kijana wa kompyuta akacheka, kisha akajikohoza. Mwenyekiti hakuelewa, akauliza kwa nini nisifungue. Nikamwambia nimelelewa hivyo, nyumba ya mtu haiingiwi bila ruhusa, na aliyenilea alinifundisha kuwa asiyeitikiwa hagandi mlangoni kwa mtu. Nikamwambia sasa najua mlango wa ofisi si wa nyumba, nimejifunza, ndiyo maana leo nimeingia. Lakini sikukosa heshima, nilizidisha.

Nikajua nimekwisha. Nikaanza kuiona Dodoma.

Kisha Bi Ghania akaweka kalamu. Akaniuliza, nikifika uani kwa mtu, mwani uko kwenye viroba na mwenyewe hataki vifunguliwe, nitafanya nini. Nikasema sifungui. Ni vyake. Nitamwomba pembeni, mbali na jirani zake. Akikataa nitaondoka, ila sitatia saini yangu, na nitamwambia hivyo usoni. Kesho yake nitarudi, na nitapiga hodi upya.

Akamtazama mwenyekiti. Nimekuja kujua baadaye kwa nini. Mkaguzi aliyekuwapo kabla alikuwa anaingia nyua za watu kama anaingia sokoni, anapasua viroba mbele ya majirani, na wanawake wa vijiji vitatu wakakataa kuiuzia kampuni. Walikuwa wanatafuta mtu atakayefunguliwa mlango.

Wakanipa mafungu mawili ya mwani nichague. Nililikamata la kwanza kama ulivyoandika, nikaliachia. Sikuhitaji kulishika la pili, weupe wake ulionekana.

Nitafundishwa hapa mwezi mmoja. Tarehe moja Desemba nashuka Pemba kuanza kazi, na nitalala nyumbani kwetu, Bibi.

Sasa jengine. Nilikuasi. Yule mtu mmoja ni Bi Shatha. Najua umeshajua. Miezi miwili, kila siku baada ya kuosha vikombe, alikaa na mimi jikoni kwake akanifundisha, na miguu yake imevimba kwa kusimama. Hakutaka kitu. Siku ya usaili hakutoka jikoni kabisa, alisema asije mtu akanena nimeingia kwa mgongo wake. Nilipotoka nikamkuta amekaa na tasbihi. Na chai yake nimeinywa, Bibi, kila siku.

Mara moja nilimuuliza kwa nini alicheka siku ile kwenye ngazi. Akasema kwao hodi ilikuwa hivyo hivyo, tatu na kurudi, na yeye tangu ahamie mjini miaka arubaini hajapata kumwona mtu anayeifuata. Alisema alicheka kwa kumkumbuka mama yake.

Nisamehe. Na ahsante. Kila nilichojibu mle ndani kilikuwa chako.

Mjukuu wako,
Ruweida


Micheweni, 9 Novemba 2024

Ruweida,

Mama yako aliniambia. Alijitahidi kutwa nzima, kisha magharibi akaniambia, na mimi nilijifanya sijui kama ulivyotaka. Nilisali rakaa mbili za shukurani kabla barua haijafika, na nilipoisoma nikasali nyengine mbili. Mungu ametoa, mikono yetu tumeiinua, tunamshukuru asubuhi na jioni. Himid kalisikia na sasa linajulikana mpaka kwenye foleni ya maji. Nimewaambia waulize vizuri, maana yuko anayesema umekuwa waziri.

Mtoto Shadya Mungu amkuze. Chumba chako kimepakwa chokaa. Paa limeezuliwa lote, ndoo nimeirudisha jikoni.

Umenikasirisha kwa jambo moja. Unaandika kila ulichojibu kilikuwa changu. Si kweli, na usirudie. Hodi niliyokupa mimi ilikushusha ile ngazi mara ya kwanza. Wiki saba sikukuandikia. Himid hakuwa mgonjwa, na wewe ulijua, ukaninyamazia, na hiyo ndiyo adabu yenyewe. Nilikuwa nainua kalamu naiweka. Mtu akikaa na jambo moyoni miaka sitini na kitu anadhani ni mafunzo, kumbe ni kidonda amekivalisha nguo. Nikakuvalisha na wewe. Nilimlea mtoto kwa hasira yangu juu ya mwenye nyumba aliyekwisha kufa. Uliponiambia umerudi kutoka mlangoni, nilijiona mimi na pakacha.

Ulichojibu mle ndani ni chako. Uongo ulikuwa nao mdomoni ukaumeza, hilo sikukufundisha kwa barua. Nami nashukuru kwamba nimeishi mpaka nikalisoma.

Sasa huyo Bi Shatha. Niliandika maneno juu yake na simjui. Niliandika kwa sababu ya Mtambile na mashamba, na kwa sababu alicheka. Kumbe alikuwa anamkumbuka mama yake. Miguu imevimba, na bado anamfundisha mtoto wa mtu kuingia na kutoka mara ishirini. Nimesema usinywe chai yake. Mtu mzima mimi, nimeandika vile kwa mkono wangu.

Nimekosa. Hilo nalo nimeliandika, na mkono uko salama.

Usimuulize nyumba yao ya Mtambile ilikuwa ipi. Hata ikiwa ndiyo ile, sitaki kuijua. Yeye hakuwapo.

Himid anakuletea kikapu. Mna pweza mkavu, karafuu zangu mwenyewe na kanga jozi moja, mpya, sijaivaa. Karafuu ni za kuchemshia maji ya miguu, aiweke kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, ajue kuna mwenziwe huku anayeumwa goti. Kikapu usimtume mtu. Usimpe kazini mbele ya wenziwe, usimwachie mlinzi. Nenda kwake, nyumbani kwake, umwamkie, ukae chini, useme: bibi yangu Mwanapili binti Ngwali alikusema vibaya bila ya kukujua, na anakuomba radhi. Uyaseme yote, usiyapunguze kwa kunionea haya. Kisha umwambie Desemba tarehe moja hushuki bandarini Mkoani peke yako, unashuka naye, chumba kipo na kitanda kipo, na atakaa mpaka achoke mwenyewe.

Uende leo, kabla hujavua baibui.

Bibi yako,
Mwanapili binti Ngwali